Vidonge vya Utamu Kwenye Chai ya Baba Mkwe

Leo nimeaibika, tena ukweni. Naandika mwenyewe mapema, kabla hamjaisikia kwa mwingine ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua mie nina mpango na Neema. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwao Gongo la Mboto kujitambulisha. Baba yake mwanajeshi mstaafu, mzee wa maneno machache. Mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, alinionya tangu jana: "Ukifika kule ongea kidogo, kula kidogo, usishikeshike vitu vya watu." Ningemsikiliza!

Sasa, tangu nianze mazoezi mie nakula kwa afya. Wiki iliyopita nikaenda duka moja Kinondoni kuchagua protini ya unga. Nilichaguaje? Kwa picha. Kopo lenye jamaa mwenye kifua kikubwa kuliko wote ndilo nikabeba. Muuzaji akaniuliza, "Braza, hii ni ya maziwa. Maziwa yanakukubali?" Pembeni kulikuwa na sista mmoja anachagua yake. Nikajibu kwa sauti nzito, "Yananikubali sana." (Muongo mkubwa mie. Maziwa na tumbo langu hawajawahi kupatana.) Nikachukua na vidonge vya utamu, vile vya kutia kwenye chai badala ya sukari.

Leo asubuhi nikanywa ile protini. Vijiko viwili badala ya kimoja, ili shati likae vizuri mabegani. (Tumbo lilikuwa linanisumbua wiki nzima, ila nilidhani litazoea.)

Tukafika mie na mjomba. Shikamoo, marahaba, karibuni, chai ya tangawizi ikaja. Kikombe cha mzee hakikuwekwa sukari, ana kisukari. Akapiga funda moja, akakunja uso. Nikamwonea huruma, kweli tena. Mara simu yake ikaita, akatoka nje kupokea.

Hapo shetani akanipitia. Nikatoa kikasha mfukoni, nikadondosha vidonge viwili kwenye kikombe cha mzee, nikakoroga harakaharaka. Nia yangu njema kabisa! Akirudi aonje utamu, anipende.

Kuinua macho, mama mkwe kasimama mlangoni na sahani ya vitumbua.

"Umemtilia nini mume wangu?"

"Mama, ni... ni vya utamu tu. Havina sukari."

"Utamu usio na sukari?" Akaweka sahani chini. "Baba Neema! Njoo uone! Kijana anakutilia dawa ulainike, umpunguzie mahari!"

Mungu wangu! Mjomba akawa ananiangalia kama hanijui. Mzee akaingia, akatazama kikombe, akanitazama mie. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Kunywa," akasema.

"Mie?"

"Wewe. Yote. Halafu tukae tuone."

Nikanywa. Ilikuwa tamu, sikatai. Tukakaa. Mama mkwe kanikodolea macho, Neema katoka jikoni kajishika kichwa. Nikajisemea, nikitulia hivihivi kidogo tu, nimepona.

Ndipo protini ilipoamka.

Tumbo likaunguruma, sebule nzima ikasikia. "Mmesikia hiyo?" mama mkwe akanong'ona. Jasho likaanza kunitoka. Nikiomba choo, nimekiri kosa. Nisipoomba, naharibu kochi la watu. Jamani, nilibana! Nikajaribu hata kutabasamu.

"Mzee," nikasema, sauti imekuwa nyembamba, "samahani. Choo kiko wapi?"

"Si nilisema!" Mama mkwe akapiga ukelele. "Dawa imemrudia mwenyewe!"

Sikungoja kuelekezwa, nilikimbia. Choo chenyewe kiko uani, mlango wa bati, na majirani wameshaanza kujaa kwa ule ukelele. Yaliyotokea mle ndani siwasimulii. Wale wa nje walisikia yote.

Na hapo ndipo mchumba wangu, mwanamke ninayempenda, akaamua kuniokoa. Namsikia analia, anapaza sauti ua mzima usikie:

"Mama, siyo dawa! Huyu yuko hivi kila siku tangu anunue lile kopo! Hata kazini kwao wamemhamishia meza dirishani!"

(Neema, ile ya meza nilikwambia kwa siri!)

Halafu mzee akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, majirani wakadakia. Akaja mpaka mlangoni, akagonga bati taratibu. "Kijana, maliza kwa amani. Mwenye kutia watu dawa hawezi kuwa mjinga namna hii. Mahari tutaongea ukitoka."

Kwa hiyo nimekubaliwa, ndugu zangu. Harusi ipo. Na nitakayemwona anacheka hapa, kadi ya mchango naanza kumpelekea yeye.