Likizo ya Magazini ya Mheshimiwa

Kwa furaha isiyo kifani, umma wa Kisii na Nyamira ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu kila magazini ya bunduki katika kaunti hizi mbili itakuwa na haki ya kwenda likizo. Si bunduki. Bunduki ni chuma tu, haina hisia. Magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, ndiyo yenye springi. Na springi, kama hotuba ilivyofafanua hadi chai ikapoa, ni mtumishi wa umma anayefanya kazi amekunjwa mchana na usiku bila hata posho ya chakula.

Watu walipiga makofi. Kulikuwa na soda.

Aliyesoma hotuba hiyo ni Bwana Manasseh Omwenga, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Ustawi wa Magazini, ofisi yake chini ya kilima cha Nyanchwa, katika chumba kilichokuwa zamani cha kunyolea. Kioo cha kinyozi bado kilikuwa ukutani, na Manasseh alikitumia kila asubuhi kujifunza uso wa ukurugenzi. Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: neno kaimu. Kaimu hana gari. Kaimu hana kochi. Na baya zaidi, siku alipopeleka ng'ombe wa mahari Nyamira, mjomba wake alimtambulisha kwa wakwe kama Mkurugenzi kamili, akaketi kabla ya mtu kumsahihisha. Tangu hapo Manasseh alikuwa akijulikana ukweni kwa cheo cha mkopo.

Kuondolewa kwa ukaimu kulikuwa mkononi mwa mtu mmoja: Mheshimiwa Jasper Oseko, mwenyekiti wa bodi.

Mheshimiwa alikuwa na bastola yenye leseni na mtindo wake wa uongozi. Kwenye mkutano wowote wa ushirikishaji wa umma, baada ya sala na kabla ya hoja, aliitoa kiunoni, akaibwaga mezani pwaa! kisha akauliza kwa upole, "Wanaopinga?" Hakuna aliyewahi kupinga. Wataalamu kutoka Nairobi walikuja kusoma siri ya maelewano haya, wakaenda wakiandika kwamba wananchi wa huku wana utamaduni wa kukubaliana.

Magazini yake aliichagua mwenyewe, kama watu wanavyochagua tai. Fundi wa silaha alimshauri achukue ile fupi iliyotengenezwa kwa bastola hiyo. Mheshimiwa akachukua ndefu ya aina nyingine, iliyoning'inia chini ya mpini kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. "Ile fupi," alisema, "watu wa nyuma ukumbini hawaioni." Haikushika vizuri, ilichezacheza kama jino la mtoto, lakini hilo lilionekana kuwa tatizo la bastola.

Sasa Manasseh, akitafuta njia ya kuingia moyoni mwa mwenyekiti, akapata wazo.

"Mheshimiwa," alisema, amesimama mlangoni na kofia mkononi, "magazini ya kwanza kwenda likizo iwe yako."

"Yangu? Kwani imelalamika?"

"Haiwezi kulalamika, Mheshimiwa. Ndiyo maana Idara ipo."

Mheshimiwa akafikiri. Aliipenda sauti ya lile neno "ya kwanza". Akachomoa magazini, akamwaga risasi kwenye droo ya meza, akamkabidhi. "Inarudi kabla ya mkutano wa Nyamira, umesikia? Siku hiyo tunapitisha mawili. Makao makuu ya Idara yajengwe pale wamama wanapouzia ndizi. Na wewe uwe Mkurugenzi. Yote kwa kauli moja."

"Wamama wa ndizi waende wapi, Mheshimiwa?"

"Waende mbele. Maendeleo si huenda mbele?"

Manasseh akacheka kama mtu aliyemeza mfupa. Kibanda cha kwanza pale sokoni, kile chenye mwavuli wa buluu, kilikuwa cha Bochaberi. Na Bochaberi ndiye mama mkwe wake.

Hapo ndipo mtu mwingine angemwendea mama mkwe akamwambia, mama, jihadhari. Lakini nyinyi mnajua ensoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mkwe na mama mkwe. Mwanamume hamkazii macho mama mkwe. Haingii jikoni kwake. Habishani naye, hamuulizi maswali, na akipewa kitu hakifungui mbele yake hata kama kinatoa moshi. Manasseh aliishika ensoni kwa bidii zote, hasa siku ambazo ilimsaidia kunyamaza.

Tena bajeti ya Idara haikuwa na nyumba ya wageni. Kwa hivyo magazini ya Mheshimiwa ilikwenda likizo kwa Bochaberi, Nyamira, kwenye hewa safi ya majani chai, imefungwa kwenye leso ya Manasseh. Maongezi yalipita kwa mkewe, Mokeira, aliyeketi katikati yao kama kipaza sauti.

"Mwambie mama hiki ni chombo cha Mheshimiwa," Manasseh aliuambia ukuta. "Kinapumzika. Wasikipake mafuta ndani, kinashika vumbi. Wakipanguse tu kwa kitambaa kikavu."

"Mama, anasema ni chombo cha Mheshimiwa."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," Bochaberi akajibu. "Muulize mume wako, huyo Mheshimiwa ni huyu huyu anayezungukazunguka sokoni na watu wa kupima mashamba?"

Mokeira akamgeukia mumewe. Manasseh alikuwa ameona kitu cha maana sana juu ya dari.

"Anasema mbuya mono, vizuri sana, mama," Mokeira akatafsiri.

Magazini ikalala kabatini, karibu na vikombe vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma. Wiki ikapita. Siku ya kuirudisha, Bochaberi aliishika mkononi, akaona aibu. Chombo cha watu kimekaa kwako juma zima, kinywa wazi, halafu ukirudishe kitupu? Watu wangesema nini? Hata jirani mchokozi akikuletea unga wa wimbi kwenye bakuli, bakuli lake halirudi tupu. Akachukua njugu karanga alizokaanga asubuhi, akachagua kubwa kubwa, akaanza kuzisukuma ndani moja moja. Springi ikamsukuma kidole.

"Hiki kikopo kina kiburi," akamwambia Mokeira. "Lakini kitajaa."

Kikajaa. Akakivalisha soksi ya uzi wa kufuma, nyekundu na kijani, akamkabidhi mkwe wake kwa mikono miwili huku akitazama pembeni. Manasseh akapokea kwa mikono miwili huku akitazama pembeni. Aliona ni kizito kuliko kilivyokwenda. Kufungua? Mbele ya mama mkwe? Ni heri angevua suruali.

Asubuhi ya mkutano alimpelekea Mheshimiwa garini.

"Imejaa?" Mheshimiwa akauliza, risasi za drooni zimemtoka akilini, simu sikioni, gavana upande wa pili.

Manasseh akapima uzito kiganjani. Mkurugenzi mtarajiwa hasemi sijui.

"Imejaa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akavua soksi, akaona wekundu-wekundu kwa juu, akasema kwenye simu kwamba siku hizi shaba inatoka vizuri, akaisukuma mpinini kwa kiganja.

Ukumbi wa Nyamira ulikuwa umefurika. Wamama wa ndizi walikaa mbele, wachuma chai nyuma yao, vijana wakaning'inia madirishani. Kutoka Kisii alikuja hata Abdirashid, mwenye duka la vyombo, kwa sababu Abdirashid hawezi kuambiwa habari na mtu mwingine. Sala ilisomwa. Linda, katibu wa bodi, akafungua kalamu. Manasseh alikuwa jukwaani amevaa suti ya ukurugenzi, jasho likimshuka ndani ya kola, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ameketi hatua chache mbele yake, na ensoni haina mpango wa namna ya kumfukuza mama mkwe sokoni kwa heshima.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, "leo tunawashirikisha. Vibanda vinaondoka, makao makuu ya magazini yanakuja, na Bwana Manasseh hapa anakuwa Mkurugenzi. Tutasikiliza maoni yote."

Akaitoa bastola. Akaibwaga mezani, pwaa!

Sasa, magazini isiyoshika vizuri haitaki mengi. Ilichomoka, ikaruka, ikapiga jagi la maji, ikabingirika. Na springi, iliyopumzika wiki nzima kwa mujibu wa sera, ilifanya kazi yake kwa nguvu mpya. Njugu ziliruka, trrr, zikapita mbele ya Linda, zikamwangukia mwakilishi wa vijana mapajani, moja ikabingirika mpaka ukingoni, ikasita, ikaanguka.

Shingo zote zikanyooka kuona.

Mwakilishi wa vijana akaokota moja. Akainusa. Akaitia mdomoni. "Ina chumvi," akaripoti.

"Hizo ni zangu!" Bochaberi alisimama. "Mheshimiwa, usiogope, si sumu. Chombo chako kilikuja kwangu kutembea. Ningekirudishaje kitupu, kwani mimi nililelewa na nani?"

Ukumbi ukapasuka. Wachuma chai walijipiga mapaja kwa kicheko, kijana mmoja akaanguka kutoka dirishani, upande wa nje, akaendelea kucheka huko huko. Mheshimiwa alinyanyua mikono kuwatuliza, na kwa kuwa mtu akichanganyikiwa hurudia kile alichozoea, akauliza:

"Wanaopinga?"

Mikono ikapanda. Ya wamama wa ndizi. Ya wachuma chai. Ya madirishani. Abdirashid, ambaye si mkazi wa Nyamira, akanyoosha yote miwili. Linda akaweka kalamu chini ili wake uwe huru.

Ukabaki mkono wa Manasseh. Mbele yake ukurugenzi kamili, gari, kochi. Mbele yake pia mama mkwe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu harusi alimkazia macho waziwazi, bila ensoni hata punje. Manasseh alitazama dari, hapakuwa na kitu. Mkono wake ukapanda wenyewe, polepole, kama wa mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.

"Niandikeje, Mheshimiwa?" Linda akauliza.

"Andika umma haukuelewa swali."

"Kwa kauli moja?"

Makao makuu hayakujengwa. Vibanda vipo, mwavuli wa buluu upo. Idara ilivunjwa kwa mafanikio makubwa, na Manasseh akarudi kwenye dawati lake la zamani la vipimo na mizani, ambako hana cheo kabisa, wala cha mkopo. Wanasema ukweni siku hizi anapewa kiti chenye mto.

Mheshimiwa alirudi kwenye risasi halisi, safari hii ndani ya ile magazini fupi, inayoshika. Kila kitu kiko sawa kiufundi. Taabu ni kwamba watu wameanza kumwendea ofisini na maswali: ya barabara ya Kiogoro, ya dawa hospitalini, ya basari za wanafunzi zilikokwenda. Foleni hufika hadi getini. Juzi aliwachoka, akatia mkono kiunoni kama zamani, akawatazama.

Mama mmoja mbele akajongea, akainama kuchungulia.

"Leo ni za kukaanga, Mheshimiwa," akauliza, "au mbichi?"