Bahasha ya Pili

Ipuli, Jumatatu, 14 Julai 2025
Dk. Mwanahawa kasema pande mbili za moyo wangu hazipigi pamoja. Ndiyo maana miguu imejaa maji na nalala nimekaa tangu Pasaka. Nahitaji betri ya moyo, upesi. Njia ni mbili. Ya zamani: waya tatu, zisukume pande zote. Mpya: waya moja inachomekwa kwenye njia ya umeme ya moyo wenyewe. Ipi bora? Bado wanalinganisha kwa utafiti, kwa hiyo kila mgonjwa anapewa bahasha ya kura, ndani imeandikwa njia yake. Mimi, niliyesoma vitabu miaka thelathini, nipangiwe betri kwa bahati nasibu!

Shomari, fundi cherehani, mpinzani wangu barazani, kapata mpya. Nataka mpya.

Jumatano, 16 Julai
Mpango upo. Daktari ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Wapagazi wetu walipita kwao na pembe za ndovu, tangu hapo ni watani. Mtani akikupora kitu, hukasiriki.

Alhamisi, 17 Julai
Bahasha zilikuwa mezani. Ya juu, yangu. Nikashuku mtego. Nikapora ya pili, nikaichana. Waya tatu. Kwa hasira nikachana na ya juu. Mpya.

Daktari alicheka. Kisha akaacha kucheka. Zote mbili zimeharibika, mimi nimetolewa kwenye utafiti, na betri zilizoletwa Tabora ni za utafiti tu. Timu inaondoka Jumatano. Kasema, "Utani una mipaka, mtani. Moyo huu hausubiri."

Jumamosi, 19 Julai
Kutoka kitandani hadi chooni nimepumzika mara tatu. Nimeiandikia kamati ya utafiti barua ya kuomba radhi. Kurasa nne, tatu na nusu zikiishambulia kura. Mke wangu, Eustadia, kaisoma, kaiwashia jiko. Kaandika yake, mistari miwili. Kisha kakamata jogoo, faini ya utani, kaenda naye kwa daktari. Sikushirikishwa.

Jumanne, 22 Julai
Kamati imekubali kunipa betri nje ya utafiti. Iliyobaki: waya tatu. Nilitaka kubisha. Eustadia kasema nikifungua mdomo anarudi kwao Igalula, nikabishane na pumzi yangu. Nimetia saini. Naingia chumba cha upasuaji saa nne. Naogopa, na hili nalisema hapa tu.

Jumatatu, 28 Julai
Nalala chali. Shomari naye. Daktari kasema watu wawili hawathibitishi chochote. Hajui. Leo barazani nimethibitisha ubora wa waya tatu kwa hoja kumi na saba. Shomari kauliza, si wewe Modest uliyeziita waya za uzio? Anapenda kufukua.

Mwezi ujao mimi na Shomari tuna kliniki siku ileile. Faili lake litakuwa mezani kando ya langu. Nitalipora, nilinganishe mwenyewe. Mtani atacheka.

Uani Eustadia anamnenepesha jogoo mwingine. Nimeuliza wa nini. Kasema wa kliniki.