Transista Tatu na Sauti ya Askofu

Alhamisi, 8 Juni 1967

Kosa la watu wengi wanaounda mtambo wa kutuliza umeme, kama huu wangu, ni kuipigia transista hesabu ya siku njema. Volti mia tatu hamsini zinaingia, mia tatu zinatoka. Basi transista iliyo katikati imebeba hamsini tu. Sawa, pasipo ajali. Waya za kutolea umeme zikigusana, zote mia tatu hamsini zinaiangukia yenyewe. Yangu inastahimili mia moja! Dawa ni vilinzi viwili: kizuizi cha mkondo, na diodi ya zena ya kupitisha mzigo kando.

Nimemweleza Jerusha, mke wangu, mara mbili. Akauliza kama nimevifunga. Nitafunga. Kwanza nione umeme unatoka.

Askofu anakuja Jumapili. Kipaza sauti cha kanisa kinatumia jenereta ya mashine ya posho. Sauti inayumba kama mlevi. Wazee wamesema atakayeituliza atakabidhiwa kipaza kabisa. Ni mimi, au Ikapel, fundi redio wa hapa Malaba. Mtu wa valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani!

Ijumaa, 9 Juni

Nimewasha. Nikagusisha waya wa kutolea kwenye chasi, lile bati la chini, kidogo tu, kama tunavyopima sote hapa mpakani: hakuna cheche, hakuna umeme. Cheche safi, ya buluu! Kisha harufu. Transista imekufa, fyuzi ingali nzima.

Bidhaa duni. Nikamlaumu Kiprono, dereva wa lori aliyeniletea transista zote tatu kutoka Kampala. Akasema, Mzee, mimi nilibeba tu, sikuziuma.

Jumamosi, 10 Juni

Ikapel akapita, akauchungulia mtambo. Mwalimu, mgonjwa amekunywa uji? Nikampa somo zima la ajali ya waya kugusana. Akasikiliza, akajibu kwamba valvu yake ya gesi ukiigusa hivyo hukasirika kidogo, halafu husamehe. Dharau! Nikamwonyesha kwamba umeme upo. Cheche. Ya pili imekwenda. Ikapel akavua kofia kama yuko matangani.

Jerusha akasema taratibu, Baba Nanjala, si ufunge hivyo vilinzi? Haelewi. Nani hutia kufuli mlango ambao haujasimama?

Jumapili, 11 Juni

Ya tatu ilifanya kazi! Nyimbo mbili, sauti imenyooka kama rula. Mama Eucabeth wa kwaya akanipungia mkono. Askofu akasimama. Nikaingiwa na wasiwasi: umeme utatosha mahubiri yote? Nikapima kidogo.

Askofu alihubiri kwa koo lake mwenyewe hadi likakauka. Ikapel akatoa valvu mfukoni, mfukoni kabisa, kama karanga! Wakati wa sadaka sauti ilikuwa imerudi. Wazee wakamkabidhi kipaza mbele ya waumini wote. Eucabeth akaniuliza, Mwalimu, hiyo cheche ilikuwa sehemu ya ibada?

Jumatatu, 12 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Hesabu yangu haina dosari. Jerusha anarudia habari ya zena; zena itakuja kwa wakati wake. Kosa lilikuwa kununua tatu tu.

Leo: mpate Kiprono kabla lori halijavuka, umwagize sita za aina ile ile.