Wazazi Wangu wa Kisiwa cha Nuhari

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Soga.

Treni ya asubuhi imechelewa. Mimi sikuchelewa. Nimehesabu magunia ya korosho, nimebandika karatasi, kisha nikapanda behewa la daraja la pili kuangalia kama kuna abiria aliyesahau kitu. Yupo. Kijitabu cha picha, cha Kiingereza, jalada limechanika pembeni. Nimekisoma mara tatu, nimekificha ndani ya daftari la mizigo.

Ni habari za Bwana Kimondo. Anaruka angani, anainua nyumba kwa mkono mmoja. Si hayo yaliyonishika. Kilichonishika ni ukurasa wa kwanza. Alizaliwa katika nchi nyingine kabisa, huko juu kwenye nyota, nayo ikaganda barafu yote kwa siku moja. Baba na mama yake walimtia ndani ya yai la fedha wakamrusha. Akaangukia kwa mjane muuza maziwa, akalelewa pale bila kujua yeye ni nani.

Nimetazama reli kwa muda mrefu. Mimi nami nimelelewa na mjane. Mimi nami sijui ni nani. Mama Mwanahalima alinichukua nikiwa bado nanyonya, na huu mwaka wa ishirini na tatu. Anauza vitumbua hapa hapa stesheni. Kila nikimwuliza juu ya walionizaa, husema walikuwa watu wazuri, walikufa, halafu huuliza kama nimekula.

Jambo lenyewe si la mchezo. Mwezi uliopita Mzee Shomari wa Kisarawe, baba yake Mwanaamina, binti ninayemposa, aliniuliza mimi ni mjukuu wa nani. Nilikohoa. Maneno, fundi cherehani, ambaye naye anamtaka Mwanaamina, alikuwa amekaa pale pale. Akataja babu zake mpaka wa saba bila kuvuta pumzi.

Alhamisi, 6 Agosti.

Alfonce, karani wa simu, anavyo vijitabu vingine vinne. Ameniazima. Nimevisoma vyote, hata wakati wa kazi, hasa wakati wa kazi. Nimegundua mambo.

Kwanza, wazazi waliomzaa shujaa hawawi watu wa hivi hivi. Baba ni mtaalamu wa nyota, au mfalme, au mtaalamu aliye pia mfalme. Mama ana nywele nzuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mchoma mkaa. Pili, wana ukurasa mmoja tu. Wanalia, wanambusu mtoto, wanakufa wakiwa wamevaa vizuri. Tatu, nchi yao hupotea yote. Imeganda, imeungua, imemezwa na mchanga. Haibaki hata nyumba moja ya kwenda kuuliza.

Hilo la tatu limenifurahisha mno. Nchi iliyopotea haina jirani wa kukukana.

Basi nimepata kwetu. Ni kisiwa cha Nuhari, mbali kusini. Kilizama chote kwa siku moja. Baba yangu alikuwa mjuzi wa nyota wa sultani wa huko. Alinitia ndani ya sanduku la mvule, sanduku likaelea mpaka mdomo wa mto Ruvu, likapanda mpaka huku.

Alfonce ameuliza sanduku lilipandaje mto wakati maji yanashuka. Nikamwambia bahari ilikuwa imejaa sana siku hiyo. Akasema maji ya bahari hayafiki Soga. Nikamwambia yeye ni Mkatoliki wa Mkuza, habari za Nuhari hawezi kuzijua. Akarudi kwenye simu zake.

Jumapili, 9 Agosti.

Nimeshuka Pugu, nimepanda kilima kwa miguu mpaka Kisarawe, kanzu ikanilowa mgongoni. Nikaisimulia Nuhari barazani kwa Mzee Shomari, tangu mawimbi ya kwanza mpaka busu la mwisho. Nilisimulia vizuri. Mke wake, Bi Mwanamkuu, alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mzee mwenyewe akatikisa kichwa taratibu.

Maneno akauliza kama baba yangu, pamoja na ujuzi wake wote, alishindwaje kutengeneza sanduku la watu watatu. Nikasema mbao hazikutosha. Akasema kisiwa kizima hakina mbao? Nikasema za mvule hazikutosha. Watu wakamtazama Maneno vibaya, nikafurahi.

Mwanaamina alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Akauliza, na huyo aliyekulea, habari yake ikoje? Swali hilo sikulitegemea. Katika vijitabu mlezi hana habari. Anakaanga kitu, anasema mwanangu jihadhari, basi. Nikajibu kwamba ni mama mmoja mwema, muuza vitumbua. Nikasikia hatua zikiondoka nyuma ya pazia.

Hapo Mzee Shomari akasema maneno yaliyonitia ganzi. Amesikitika mno kwamba watu wote wale wamezama na hakuna aliyewasomea. Ijumaa hii, baada ya sala, atawafanyia hitima. Atachinja mbuzi wawili. Na mama yangu mlezi aje, ana hamu ya kumpa mkono.

Nimerudi Pugu nikikimbia, ingawa treni ilikuwa bado.

Jumatano, 12 Agosti.

Siku mbaya. Nilipanga kumwambia Mama kwa utaratibu, nikichagua maneno. Abiria mmoja wa kutoka Pugu amenitangulia. Kanunua vitumbua vinne akampa pole kwa msiba wa Nuhari.

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinipakulia ugali na samaki kama kawaida, akakaa mbele yangu na kusema, "Nimesikia wazazi wako walikuwa watu wakubwa. Hongera, mwanangu."

Nikamwambia ni habari za barazani tu, zisimsumbue, na Ijumaa abaki nyumbani, kile kilima cha Pugu ni kikali. Akasema miguu yake haijamlalamikia. Akaondoa sahani kabla sijamaliza. Hajawahi kufanya hivyo.

La pili ni baya zaidi, kama si la kuchekesha. Mchana amefika stesheni mzee mmoja mwenye kofia safi na mkongojo, anaitwa Twalibu. Akanikumbatia mbele ya abiria. Anasema naye aliokoka Nuhari, akiwa ameshika mlango wa jikoni uliokuwa ukielea, na kwamba yeye ni mdogo wake baba yangu. Amesikia habari za hitima.

Nifanyeje? Nikimwambia mwongo, wataniuliza nimejuaje. Nikamwita baba mdogo. Nikampa chai. Nikamwambia nyumba yetu ilitazama bahari. Akanisahihisha. Ilitazama mlima, kwa sababu upande wa bahari kulikuwa na upepo. Ameeleza mpaka rangi ya mbuzi wetu. Kisiwa nimekibuni mimi, yeye anakijua kuliko mimi.

Ijumaa, 14 Agosti.

Naandika upesi kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa, ingawa naona sitasahau.

Watu walijaa kwa Mzee Shomari. Alfonce naye alikuja, akasema pilau haina dhehebu. Kisomo kilisomwa kwa utulivu mkubwa. Nilipoona wazee wakiinua mikono kuwaombea watu ambao hawakupata kuwapo, nilitazama mkeka.

Baba mdogo Twalibu alikaa mahali pa heshima. Alikula sahani tatu. Maneno akamwuliza habari za kisiwa, naye akajibu kila kitu: msikiti uko upande gani, minazi mingapi. Kisha akafuta mdomo, akatangaza kwamba kwa desturi ya Nuhari kijana haoi mpaka baba yake mdogo aridhie, na yeye bado hajaridhia. Kwanza itabidi akae hapa hapa Kisarawe miezi miwili mitatu, kwa Mzee Shomari, aitazame vizuri familia ya bibi harusi.

Mzee Shomari akanigeukia. "Zahoro, huyu ni baba yako mdogo kweli?"

Nilifungua kinywa.

Ndipo Mama Mwanahalima akasimama mlangoni kwa wanawake. Akasema, "Mzee Shomari, nisamehe, nasema mbele ya wanaume. Hakuna kisiwa. Baba wa kijana huyu alikuwa Abdala, kibarua wa gengi la kutengeneza reli, pale pale Soga. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa Mbwawa. Abdala aliumwa siku sita, akafa. Mke wake naye homa ikamshika. Alitembea kutoka Mbwawa na mtoto mgongoni mpaka mlangoni kwangu, kwa sababu nilikuwa nimezika wangu wiki ile na maziwa nilikuwa nayo. Hakuniachia mtoto mpaka alipomwona amenyonya akalala. Nikamwambia lala na wewe. Akalala. Hakuamka."

Hata Twalibu aliacha kutafuna.

Nikamwuliza mbona hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Kila ukiniuliza, unauliza kama walikuwa watu wakubwa. Nilikuwa naogopa kuuona uso wako nikikujibu."

Nilitaka bahari inimeze kama ilivyomeza Nuhari. Niliinama nikamshika mikono. Imejaa alama za mafuta ya moto, na mimi miaka yote sikuwa nimeziangalia.

Kisha Mzee Shomari akasema polepole, "Abdala wa gengi? Yule mrefu, mwenye kovu la shavuni?" Mama akaitikia. Mzee akavua kofia. Akasema mwaka wa mafuriko makubwa, yeye bado kijana mwenye biashara ya nazi, Ruvu ilimkuta njiani. Abdala alimbeba mgongoni akamvusha. Maji yalikuwa ya kiunoni. Mzee alifumba macho njia nzima kwa hofu. Alipotaka kumlipa, Abdala akacheka, akarudi relini.

"Ungenitajia jina hilo tu mwezi uliopita," akaniambia, "leo tungekuwa tunapanga siku ya harusi."

Lakini amekasirika, na haki anayo. Nimewasomesha wazee hitima ya watu wa hewani. Amesema mbuzi hawakupotea, dua zimewaendea Abdala na mkewe, wao ndio hawakuwa na msomaji. Posa yangu hajaikataa. Nirudi baada ya mavuno, na siku hiyo mimi nisifungue kinywa, aseme Mama. Maneno hakuniangalia. Nyuma ya pazia nilimsikia Mwanaamina akicheka, si kwa ubaya.

Twalibu aliomba ruhusa ya kufunga pilau kidogo ya njiani. Akapewa.

Jumanne, 18 Agosti.

Nimeomba ruhusa kazini, tumekwenda Mbwawa, mimi na Mama. Makaburi yapo pembeni mwa shamba la mihogo. Mama alikuwa akiyapalilia kila mwaka, peke yake. Nami nilidhani anakwenda kununua vyungu. Tumeng'oa magugu pamoja. Jirani mmoja bado anapikia chungu alichofinyanga mama yangu, amenionyesha. Kina alama ya kidole gumba ukingoni. Nimeweka kidole changu pale, kikaenea.

Njiani nimemwambia Mama kwamba sitasema uongo tena juu ya wazazi wangu. Sina haja. Ukweli wao unatosha. Amefurahi, akanipa kitumbua.

Jumapili, 23 Agosti.

Nimeanza kuandika habari za baba yangu Abdala, ili Mzee Shomari azisome kabla ya mavuno. Amesema nisifungue kinywa. Kuandika hakukukatazwa.

Nimeandika ukweli mtupu. Ila "maji ya kiunoni" yanasomeka vibaya, mtu atadhani ni kijito. Nimeweka shingoni. Na kubeba mtu mmoja hakuonyeshi nguvu zake sawasawa, basi mkono wa kushoto nimembebesha na punda wa Mzee. Punda sina hakika kama alikuwepo, lakini mfanyabiashara wa nazi asiye na punda ni wa wapi? Mamba nimeweka wawili tu, kwa kuwa sipendi kutia chumvi.

Alfonce amesoma, akanikumbusha kwamba Mzee Shomari alikuwepo mwenyewe siku hiyo, mgongoni. Nimemwambia hilo nimelifikiria. Mzee alikuwa amefumba macho.