Shikamoo Kutoka Siti ya Nyuma

Leo nimeumbuka.

Kwanza mnisamehe herufi nikizikosea. Shule yangu iliishia darasa la saba, na simu hii naibonyeza kwa kidole kimoja. Mwandiko wangu wa mkono ni mbaya zaidi, kwa hiyo mna bahati. Nimeanza kuandika tangu magharibi na mpaka sasa sijamaliza.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa aibu. Nikiingia dukani nikakuta watu, natoka. (Na duka ni letu.) Naishi na baba mdogo hapa Singida mjini, tunauza mafuta ya alizeti. Wiki iliyopita yeye na wazee wenzake walinipelekea posa Mandewa, kwa Mzee Mrisho, kwa binti yake Zaina. Jibu litatoka Jumapili. Tangu siku ile chakula hakipiti vizuri. Nikimwona mtu mwenye kanzu kwa mbali, moyo unaruka.

Sasa leo asubuhi baba mdogo akaniambia, "Twende yadi. Nataka gari la familia, la juu, lenye safu tatu za siti. Yapo mawili, jeupe na jeusi. Wewe ndiyo kipimo changu."

"Kipimo cha nini, baba mdogo?"

"Wauza magari wote wanasema siti ya nyuma kabisa inakaa mtu mzima. Nataka nikuone wewe umekaa."

(Mimi ni mrefu. Milango mingi ya mji huu naijua kwa paji la uso.)

Tukaanza na jeusi. Ni la dizeli, liko juu kweli, lakini kule nyuma magoti yalinifika kidevuni. Tukaenda kwenye jeupe. Hilo ni la petroli, vioo vyake vya nyuma vimetiwa giza. Ili uingie siti ya tatu inabidi siti ya kati ivutwe mbele, halafu upande kama mbuzi anayepakiwa kwenye pikapu. Nikapanda. Baba mdogo akairudisha siti ya kati, ikanibana mapajani.

"Kaa humo humo," akasema. "Nafunga milango, usikilizie joto. Mimi nalijaribu jeusi barabarani. Nikirudi unipe majibu."

Ameniambia nikae, nikakaa. Jeusi likaondoka. Joto nikalisikilizia. Lipo.

Mara nikaona kwenye kioo kanzu inakuja. Nikatazama vizuri. Mzee Mrisho! Nyuma yake mkewe, Mama Zaina. Wanakuja moja kwa moja kwenye gari nililomo mimi, na kijana wa yadi anawasifia.

"Hili jeupe mzee halijachezewa. Ndani hakuna kitu, ni usafi mtupu."

(Nilikuwepo mimi.)

Mtu mwenye akili zake angegonga kioo. Mimi nililala. Nilijikunja kwenye siti, nikajifunika uso kwa mikono. Milango ya mbele ikafunguliwa, wakaingia. Kijana wa yadi akawaambia, "Mzee wewe ni mtu wetu, lizungushe mwenyewe. Shika njia ya Mtinko hapo, ukiridhika urudi."

Tukaondoka. Nasema tukaondoka kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Ningewaamkia walipofungua mlango. Nafasi ikapita. Ningewaamkia tulipotoka getini. Ikapita. Sasa unaanzaje kumwamkia mtu mzima ambaye umeshasafiri naye? Kila tulivyokwenda mbele shikamoo yangu ilizidi kuchacha mdomoni. Jasho liliingia machoni, nikaogopa hata kulifuta.

Mama Zaina akasema, "Hili zuri, baba Zaina. Huko nyuma watakaa wajukuu."

"Wajukuu kutoka wapi? Tupate mkwe kwanza."

"Si yupo yule kijana wa mafuta."

Nikaacha kupumua.

"Yule?" Mzee akaguna. "Yule ananitia mashaka. Juzi nimepita dukani kwao, akaniamkia huku anaangalia madumu. Sikujua ananisalimia mimi au mafuta."

Mama akacheka. "Ana aibu tu, mwenzangu."

"Aibu gani hiyo? Mtoto asiyeweza kumwamkia mtu akasikika, mimi nitampaje binti? Hapana. Jumapili wakija nafikiri niwaambie hapana."

Jamani! Zaina wangu anaondoka hivi hivi, na mimi nimelala nyuma yao kama gunia. Nikajiambia, anachotaka huyu mzee ni kuamkiwa akasikia. Basi atasikia. (Kichwa changu kikishaingiwa na hofu hakifikiri vizuri. Nimegundua leo.)

Nyumba zilikuwa zimeanza kwisha, alizeti huku na huku, upepo unavuma, barabara tupu. Nikainuka taratibu mpaka kichwa kikagusa paa. Nikavuta pumzi.

"SHIKAMOO BABA! SHIKAMOO MAMA!"

Sijawahi kutoa sauti kama ile tangu nizaliwe.

Mzee Mrisho hakuitikia. Alisema "Lahaula!" akakanyaga breki, akafungua mlango, na kabla sijamaliza kutabasamu alikuwa ameshaingia kwenye alizeti, kanzu kaipandisha magotini. Kubazi lake moja lilibaki barabarani.

Tukabaki mimi na mama. Gari lenyewe halikubaki. Ni la otomatiki, mzee hakulitoa kwenye gia, likaanza kutembea polepole bila dereva.

Mama Zaina hakugeuka. Aliuliza akiwa anatazama mbele, "Wewe ni mtu au shetani?"

"Mtu, mama."

"Mtu wa wapi?"

"Wa mafuta, mama."

"Basi kama ni mtu simamisha gari!"

"Sijui kuendesha, mama."

(Hapo nikajua posa imekufa, nami nakufa muda si mrefu.)

Gari likaacha barabara, likaenda kujichomeka kwenye rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Halikuvunjika kitu. Lakini mafundi wakaja mbio, na vijana wa bodaboda wakaja, na kule shambani Mzee Mrisho akawa anapiga kelele, "Kuna mtu nyuma! Kuna mtu nyuma!"

Ikatosha. "Mwizi! Kajificha nyuma!" Fundi mmoja alikuwa na koleo lenye zege bichi. Wakafungua mlango wa nyuma, wakanishika mabega, wakavuta. Suruali yangu ilikuwa imenasa kwenye chuma cha siti ya kati. Wakavuta tena. Mimi nikatoka. Suruali haikutoka.

Sasa nanyi mnajua mila zetu. Mama mkwe humwangalii usoni. Huli mbele yake. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Mimi nilisimama mbele yake na bukta (na bukta yenyewe ina kiraka), koleo liko juu ya kichwa changu, nataka kusema mimi si mwizi na sauti haiji. Niliimaliza yote kwenye salamu. Nilifumba macho nikingoja pigo.

Badala ya pigo nikasikia kitambaa kinaniangukia usoni. Mama Zaina alikuwa ameshuka, kageuzia uso upande wa pili, kavua kanga yake ya mabegani kanirushia. Akapaza sauti:

"Asimguse mtu! Huyo ni mkwe wangu!"

Koleo likashuka.

Kutoka kwenye alizeti tukasikia, "Mama Zaina! Hatujajibu bado!"

"Mimi nimejibu! Mtoto katuamkia vizuri, wewe umeniacha peke yangu garini na shetani. Nani hapo hana adabu?"

Watu wote wakaangua kicheko. Yule fundi wa koleo akanipa mkono, "Hongera bwana harusi, hujachelewa kuvaa." Mzee Mrisho akatoka shambani polepole, ndevuni ana maua ya njano. Akanitazama. Mimi nilitazama mchanga.

"Marahaba," akasema.

Baba mdogo akatokea na lile jeusi, anarudi yadi, anashangaa watu wamejaa. Akanikuta pembeni nimejifunga kanga ya maua mekundu.

"Si nilikwambia ukae ndani ya gari?"

"Nilikaa, baba mdogo."

Wazee wakaenda kando kuongea. Mzee Mrisho amelikataa jeupe, anasema akinunua gari atanunua ambalo dereva akigeuka anaona mpaka mwisho. Posa amesema ni ndiyo, kwa sababu mke wake ameshatamka mbele za watu na hawezi kuyarudisha. Zaina naye kaniandikia neno moja tu jioni hii: "Kanga?"

Nimeifua. Inaning'inia hapa mbele yangu kwenye kamba. Inatakiwa irudi Mandewa kabla ya Jumapili, na baba mdogo amekataa kuipeleka, anasema nipeleke mwenyewe na niamkie kwa sauti ya kawaida. Anayejua mtu anamrudishiaje mama mkwe kanga aliyoivaa mbele yake aniandikie, hata usiku huu, mimi sijalala. Wa kucheka msiniandikie, chekeni huko huko mliko.