Uzinduzi wa Nyumba ya Kutuliza Roho, Kasha

Sijamwambia mtu: hotuba hii, kama ilivyosomwa, niliiandika mimi. Mheshimiwa Apollinaire, Mratibu wa Mradi, alimwagiza katibu wake, mjomba wangu tonton Christophe, naye tonton akanisukumia mimi kwa sababu nimemaliza shule juzi na Kifaransa changu hakijapoa. Jirani yetu, maman Eulalie, alikuwa amenipeleka kuiona hiyo nyumba. Tangu maji yalipomchukulia mume kule Kalehe, mawingu yakikusanyika huwavalisha watoto viatu na kusimama nao mlangoni. Alitaka mtu wa kumsikiliza tu. Siku hiyo tuliporudi, nikaandika.

Mheshimiwa hasomi hotuba kabla. Aliisoma palepale, hivi:

"Waheshimiwa viongozi mliofika na mlioomba radhi, mapadre, wachungaji, machifu, papa na maman wote, kila mmoja kwa cheo na sifa yake, wageni wa viti vya mbele na nyinyi mliosimama juani, protocole yote imeheshimiwa! (Makofi.)

"Mimi, ambaye usingizi wangu ni mzito lakini moyo wangu hukesha, nilipoona manusura wa mafuriko wanateseka rohoni, niliitisha atelier, warsha kubwa, atelier ikazaa kamati, kamati ikazaa tume ya kufuatilia kamati, na sote, katika hoteli inayotazama ziwa, tukaichambua hofu yenu kisayansi mpaka dagaa za sambaza zikaisha kwenye sahani. (Vigelegele.) Leo asilimia tisini na nane ya manusura wana résilience, ustahimilivu wa roho, na hao wawili waliobaki katika kila mia ndio tuliowauliza. (Sauti: 'Eh, papa!' Mwongoza shangwe: 'Ban kwa Mheshimiwa!' Makofi ya mpigo: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa!)

"Kuanzia sasa, mvua ya Kivu itanyesha kwa kuzingatia viashiria vya ubora wa maisha, na mtoto anayetetemeka asiitwe mwoga, aitwe bénéficiaire, mnufaika wa mradi! (Makofi. Maman Eulalie hapigi.) Résilience! ('Juu!') Usingizi! ('Juu!') Kamati! ('Juu zaidi!')

"Namaliza kwa kuwashukuru kuja kuzindua nyumba hii ya vyumba sita, ambayo haijawahi kujengwa, haina msingi wala msikilizaji, na ambayo katika kiwanja chake maharagwe yangu yamekomaa vizuri sana. Asanteni!"

(Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa!)

"Anasema maharagwe gani?" akauliza muzee mmoja.

"Si ile tulipita nayo pale kwenye kiwanja!" akajibu mwenzake. " Tulizani ni ya mwenye shamba."

"Kumbe njo yeye mwenye shamba!" akadakia mwingine.

Kicheko kikalipuka. Mheshimiwa akageuza karatasi; nyuma hakukuwa na kitu. Maman Eulalie akapita katikati ya watu mpaka mbele, akamvutia kiti.

"Papa Mheshimiwa, kama nyumba haiko, ikala hapa. Ni weye utanisikiliza."

Akakaa, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia la kujibu. Maman akaanza na usiku ule wa maji, na hakuna aliyemkatiza.

Tonton, niliyemwonyesha nakala nyingine yenye adabu, bado anatafuta ni nani aliyeiharibu hotuba yake. Wewe uliyesoma, tafadhali, usimwambie.