Jaketi Lililolazwa

Nakiri mapema kwamba sikutambua ni siku gani hasa mdogo wa kike wa jirani yangu aliacha kulidai jaketi lake. Kwa wiki mbili alilidai kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, kwa sauti iliyopenya ukuta wa chumba changu, nami nilikuwa nimekwisha kuizoea kama mtu anavyozoea mlio wa pampu ya maji. Sauti ilipokoma, nilidhani kwamba siku hizi ninalala vizuri zaidi. Laiti ningekuwa makini, ningejiuliza ukimya ule ulikuwa unafanya kazi gani.

Jaketi lilikuwa lake kihalali. Alibeba sampuli za damu kutoka zahanati ndogo ndogo hadi maabara kuu, katika sanduku la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki, na kwa kuwa barafu haina subira, mwendo wake haukuwa wa matembezi. Kazini walimpa jaketi zito lenye mito migumu viwikoni, mabegani na mgongoni. Kaka yake, yule jirani yangu, hakuwa na kazi wala jaketi. Mtaa ulimwita Bwana Pole, kwa jinsi alivyozungumza na kila mtu kama anayemfariji, hata pale ambapo msiba wenyewe ameusababisha yeye. Jumapili moja alivichukua vyote viwili, pikipiki na jaketi, "mpaka pale njia panda tu."

Pale njia panda lori lilikuwa limemwaga mchanga. Bwana Pole aliserereka kwa ubavu wa kushoto hatua kumi na mbili za lami, na alipoketi kujikagua, aliukuta mwili wake umegawanyika kama ramani yenye mpaka. Palipofunikwa na jaketi hapakuwa na hata mkwaruzo. Kiwiko cha jaketi kilikuwa kimechunika hadi nyuzi nyeupe, bega limepauka, lakini hakuna mshono ulioachia, na mto wa ndani ulikuwa umebonyea na kurudi mahali pake. Jaketi lilipoishia ndipo ajali ilipoanzia: nyonga ilichubuka, na kifundo cha mguu, ambacho ulinzi wake wote ulikuwa kandambili, kilivimba kama ngumi ya bondia.

Waendesha pikipiki wa kituo cha jirani wakamzunguka.

"Hebu geuza mkono," mmoja alisema. "Mbona kiwiko kizima?"

"Na lami yote ile!"

"Kaka, hilo jaketi umelipata wapi?"

Hakuna aliyeuliza habari za mguu. Mtu mwingine angesononeka. Bwana Pole aliwatazama vijana ishirini waliovaa fulana, akasikia maumivu yakimpungua.

"Huwa yanakuja machache," alisema kwa unyonge. "Lakini niacheni kwanza nipone."

Zahanati ilimfunga bendeji na kumwambia apumzike siku tano. Siku tano hazikuitosha biashara. Fundi wa dari, rafiki wa utotoni, alimkandika plasta kutoka vidoleni hadi gotini, yenye ufa wa siri upande wa nyuma ili mgonjwa aweze kuivua akienda kuoga. Fundi wa viti vya magari naye alishona majaketi kwa ngozi ya bandia iliyombakia, na pale palipotakiwa mito migumu akajaza sponji ya viti chakavu. Kwa macho yalikuwa mapacha wa jaketi la kazi. Mbele ya lami, hayakuwa hata ukoo mmoja.

Basi mgonjwa akalala, na wagonjwa, kama ijulikanavyo, hutembelewa. Jaketi halisi lilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, kiwiko kilichochunika kikiwa kimeelekezwa mlangoni.

"Guseni," Bwana Pole aliwaambia wageni. "Taratibu, jamani. Nalo limeumia."

Waligusa. Aliwasimulia jinsi mguu ulivyovunjika sehemu tatu, na jinsi daktari alivyotikisa kichwa na kusema kwamba bila vazi lile wangekuwa wanazungumza na kaburi. Watu kumi na mmoja walinunua. Wa kumi na mbili alikuwa Mwenyekiti wa kituo cha pikipiki, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye hakutaka jaketi moja. Alitaka arobaini, awauzie wanachama wake kwa bei maradufu, kisha apitishe kanuni kwamba asiye na jaketi hapakii abiria.

"Ni kwa ajili ya usalama wao," Mwenyekiti alisema.

"Nakuelewa kabisa," Bwana Pole alijibu, na kwa hakika alimwelewa.

Wakati huo mwenye jaketi alikuwa barabarani amevaa sweta.

"Kaka, jaketi langu."

"Kesho, mdogo wangu. Leo lina wageni."

"Jana basi limenikwangua kioo! Lingesogea kidogo tu, lingenichukua mkono."

"Basi endesha polepole."

"Na barafu niiambie nini?"

"Mgonjwa hagombezwi hivyo," Bwana Pole alisema, akajigeuza upande wa ukutani.

Hayo ndiyo mazungumzo niliyokuwa nikiyasikia kila siku, hadi nilipoacha kuyasikia.

Jumamosi mchana Mwenyekiti alikuja na bahasha nene. Chumba kilijaa wageni. Mimi nilisimama mlangoni, nikiwa na nia, nikiri na hili pia, ya kukigusa kiwiko kwa mara ya pili. Mdogo wake Bwana Pole aliingia, kofia ngumu kwapani, akasalimia kila mtu kwa adabu, akachagua jaketi moja kutoka kwenye rundo.

"Nimekuja kununua," alisema.

Bwana Pole alicheka kidogo. "Wewe?"

"Kwani mimi si mteja? Nimesikia sifa zake wiki mbili nzima, kaka. Umenishinda. Nimeamini."

"Hayo si ya saizi yako."

Alilivaa. "Limenikaa."

"Rangi haikupendezi."

"Naenda maabara, siendi harusini."

"Litakuelemea, mdogo wangu. Ni zito mno."

"Zito? Jepesi kama mto wa kitandani."

Mwenyekiti alikunja uso. "Ndugu yangu, mbona dada yako humuuzii? Lina kasoro?"

"Kasoro! Hata chembe."

"Sasa?"

"Aa, ni... Mtu hamtozi ndugu yake wa damu."

"Basi nimepewa bure," mdogo wake alisema. "Mwenyekiti, wewe ndiye shahidi. Asante, kaka. Leo nashuka ile barabara ya mlimani, yenye kona tatu. Siku zote naishika breki mpaka mkono unakufa ganzi. Kwa jaketi kama hili, leo naachia."

Akafunga mkanda wa kofia, akatoka. Tulisikia pikipiki ikikohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Bwana Pole aliitazama bahasha juu ya goti la Mwenyekiti. Aliutazama msumari. Injini iliunguruma zaidi.

Alilichomoa jaketi msumarini, akatoka. Naandika "alitoka" kwa kumstahi. Ukweli ni kwamba alikimbia. Mguu uliovunjika sehemu tatu ulivuka ua kwa hatua tisa, ukaruka ngazi na beseni la nguo, huku plasta ikiachia vipande nyuma yake.

"Vua hilo!" alipiga kelele. "Vua, nakwambia! Ni sponji ya viti! Utakufa, mdogo wangu!"

Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, haijasogea hata shubiri. Nyuma yake hapakuwa na sanduku la barafu. Maabara, nilikumbuka wakati huo, hufungwa Jumamosi saa sita.

Mdogo wake alizima injini, akavua jaketi la sponji na kulitundika kwenye usukani. Akalipokea la kwake, akakibonyeza kiwiko kwa dole gumba hadi akaridhika, akalivaa na kupandisha zipu mpaka shingoni.

"Nilifumua moja juzi usiku, ulipokuwa unakoroma," alisema. "Kwa hiyo hilo la sponji nilikuwa nalijua. Nilichokuwa sikijui ni kama utatoka."

"Na kama nisingetoka?"

"Jaketi ningenunua jingine."

Bwana Pole aligeuka. Wageni walikuwa wamejipanga mlangoni, na hakuna aliyekuwa akimtazama usoni. Wote walikuwa wanautazama mguu. Mwenyekiti aliirudisha bahasha ndani ya koti.

"Hongera, ndugu yangu," alisema. "Umepona."

Hakuwa amepona. Kifundo ambacho hakijapona sawasawa hakipendi kuruka mabeseni, na jioni ile kilivimba upya. Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umepasuka kweli. Alifungwa plasta ya kweli, nzito, isiyo na ufa nyuma, akalala wiki sita. Mdogo wake aliwazungukia wale wanunuzi kumi na mmoja, akawarudishia chao na kuyakusanya majaketi, na fundi wa viti akaitoa sponji na kuirudisha ilikotoka. Wakati huo wote hakuna mgeni aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Aliyeingia ni mmoja tu, kila jioni baada ya kazi, akiwa na chakula mkononi na jaketi mwilini.

Sasa jaketi hutundikwa chumbani kwa mdogo wake, nyuma ya mlango, na Bwana Pole akilihitaji hubisha hodi.